Kibaba cha Bwana Mbaruku

Dunda, Bagamoyo
18 Februari 1957

Bwanausi wangu, mume wangu (neno hili naliandika pole pole ili nilione likitokea kwenye karatasi),

Shuleni Tabora tulifundishwa kuanza barua kwa habari za afya, kisha habari za hewa. Afya yangu ilipanda gari pamoja nawe ikaenda Tanga. Na hewa ya hapa ni asumini tupu, maana kikuba ulichonivisha siku ya harusi nimekitundika kwenye kitasa cha kabati, kimekauka kama majani ya chai, na bado kinanukia kila upepo ukipita. Sikitoi. Akija mtu kukitoa tutagombana.

Siku kumi na moja tu pamoja, Bwanausi! Wenzangu wanakaa na waume zao mpaka wanaanza kugombania mto. Mimi hata sijui chai unapenda vijiko vingapi vya sukari. Kila nilichokuletea ulikinywa ukitabasamu. Niandikie, tafadhali. Mke gani asiyejua?

Nikitoka sokoni napiga hodi mlangoni kwetu kana kwamba umo ndani. Kisha naitikia mwenyewe, "Karibu!", kwa sauti nene kama yako. Jana Bi Chausiku wa nyumba ya pili alinisikia. "We mwari," akasema, "una mgeni humo?" Nikamjibu, "Nina mume." Akacheka mpaka akashika ukuta.

Sasa habari kubwa. Diwani wetu mpya, Bwana Mbaruku, jana amesimama sokoni na kuirudia ile ahadi yake mbele ya watu wote. Amesema, "Kabla mwaka haujageuka, unga, mchele na mafuta ya taa vitashuka bei. Visiposhuka, msiniamkie njiani. Nipiteni kama mnavyopita gogo." Watu waliguna. Mtu mzima mwenye mvi kujivua shikamoo kwa kinywa chake mwenyewe!

Nami nakukumbusha ahadi yako. Ulisema ukarani wa hapa boma una mshahara nusu ya ule wa kampuni yako ya katani, na kwa bei hizi hauwezi kulisha watu wawili; bei zikishuka, utarudi. Basi ahadi yake na yako ni moja, na shahidi ni mimi. Nitakuwa jicho lako sokoni. Leo: mchele kibaba senti sabini, unga senti thelathini na tano, mafuta ya taa chupa senti arobaini.

Vyombo nimevipanga. Kile kibaba cha mti alichonipa Bibi Mwanabaraka, kilicholika mdomo kwa mikono ya wanawake watatu kabla yangu, nimekifunga katika kanga nikakiweka sandukuni. Mtu mmoja apime nini? Nanunua kibaba kimoja cha mchele dukani kwa Jayant, nakula mchana, nakula jioni, na kinachobaki wanakula kuku wa Bi Chausiku, ambao wamenenepa kwa ndoa yangu kuliko mimi.

Mkeo (na hili pia pole pole),
Zaina


Ngamiani, Tanga
3 Machi 1957

Zaina,

Nimepokea barua yako ya tarehe 18. Pembeni ina alama ya kidole chenye mafuta ya nazi. Sijaifuta.

Mimi si mwandishi kama wewe. Kutwa naandika idadi ya robota za katani, na jioni kalamu inajua tarakimu tu. Nilijaribu kukuandikia neno moja tamu, lakini Ausi, karani mwenzangu, alipita nyuma yangu akalisoma kwa sauti. Chumbani tuko watatu. Mmoja anakoroma, Ausi anaimba, na mimi ndiye msikilizaji.

Kampuni ina nyumba kumi na mbili za makarani wenye wake. Wanaozingoja ni thelathini. Jina langu nimeliandika, ila usiweke moyo huko.

Kuhusu Bwana Mbaruku, mimi nataka bei. Ziandike kama zilivyo, si kama tunavyozitaka. Nitaamua kwa barua zako, maana huku niliko sina jicho jingine.

Usiwape kuku chakula chote. Kula.

Mumeo,
Bwanausi

Vijiko viwili.


Dunda, Bagamoyo
29 Machi 1957

Bwanausi wa vijiko viwili,

Nimebusu ile tarakimu! Tangu juzi nami nakunywa chai ya vijiko viwili, ingawa nilizoea isiyo na sukari kabisa. Meno yananiuma kwa mapenzi.

Bwana Mbaruku ameanza kazi! Ushuru wa soko wa mihogo na samaki umefutwa. Wanawake wa Kiwangwa walipita barabarani na mizigo ya mihogo na mananasi kichwani wakipiga vigelegele, na mmoja akanitupia nanasi bure, akaniambia, "Shika, bibi harusi, hili lilikuwa la ushuru." Fungu la mihogo la senti ishirini sasa ni senti kumi na tano. Na mafuta ya taa yameshuka mpaka senti thelathini na tano. Chupa nimeitazama mwenyewe dhidi ya jua: ni ileile, imejaa mpaka shingoni.

Jumatatu tunaanza kufunga, Mungu akipenda. Bi Chausiku ni mjane mwenye watoto saba, na bado ameniambia nikafuturu kwake kila siku. Nimemshukuru, nikasema nitakuja siku moja moja. Siku nyingine nataka kukaa na kukufikiria bila kelele za watoto. Nimekutandikia mkeka upande wako.

Wanasema magari yamekwama matope Kerege, na huko Lugoba njia ni ziwa. Basi Idd ndogo hutaweza kuja. Sijalia. Nimekata vitunguu vingi tu.

Mkeo,
Zaina


Dunda, Bagamoyo
10 Mei 1957

Mume wangu, kaa chini kabla hujasoma!

Umekaa? Mchele senti sitini! Unga senti thelathini! Yote mawili kwa siku moja! Nilikuwa dukani kwa Jayant aliposema bei, nikamwambia rudia, akarudia, nikamwambia rudia tena, mkewe Champaben akacheka nyuma ya magunia. Na kuna vibaba vipya vya bati vinavyong'aa kama kioo, vyenye muhuri wa Baraza ubavuni. Bwana Mbaruku amevigawa maduka yote ili kipimo kiwe kimoja mji mzima, maana zamani kila mwenye duka alikuwa na chake.

Jioni alikuja mwenyewe barazani kwetu. Nikamwambia, "Shikamoo baba." Akaitika "Marahaba mwanangu!" kama mtu anayelipwa haki yake. Akasema kwa kuwa mimi ni msomi, nimwandikie karatasi kwa niaba ya kina mama wa Dunda kwamba ahadi imetimizwa, ipelekwe boma kwa Bwana DC. Nimeiandika kwa mwandiko wangu wa mtihani. Kina mama thelathini na sita wametia dole gumba. Bi Chausiku peke yake alificha mkono ndani ya kanga.

"Bei imeshuka," akasema, "na sufuria nayo imeshuka. Wanangu wanalamba sahani."

Nikamwambia, "Watoto wanakua, Bi Chausiku, ndiyo maana hawashibi."

Akaniangalia sana. "Wewe unapikia mtu mmoja na mapenzi," akasema. "Mapenzi hayali wali."

Mimi kibaba kimoja bado kinanitosha mchana na jioni. Basi unangoja nini? Hapa ni raha tupu, Bwanausi! Hata mkinipa huko Tanga jumba lenye bomba la maji mlangoni silitaki. Nakutaka wewe hapa, kwenye kiti chako hiki chenye mguu mmoja mfupi, kinachogonga sakafu kila unapocheka. Mwandikie karani mkuu wa boma leo. Leo!

Mkeo mwenye furaha kuliko wote wa Dunda,
Zaina

Kuku wa Bi Chausiku hawaji tena mlangoni kwangu. Nadhani wamepata bibi harusi mwingine.


Ngamiani, Tanga
19 Mei 1957

Zaina,

Barua yako ya tarehe 10 ilifika Alhamisi saa sita mchana. Kulikuwa na jambo la ofisini nililotakiwa kulijibu Ijumaa asubuhi, na lilikuwa limenikosesha usingizi. Nilipomaliza kukusoma, jibu likawa jepesi. Nimekwisha kulitoa. Nitakueleza siku yake.

Nimemwandikia karani mkuu wa boma. Idd kubwa nitakuja siku mbili.

Habari ya kiti nimeisoma mara nne. Nitakuja na kipande cha mti cha kuongeza mguu.

Swali moja: jirani anayesema sufuria imeshuka ana maana gani?

Mumeo,
Bwanausi


Dunda, Bagamoyo
14 Julai 1957

Kipenzi changu,

Umeondoka Alhamisi na shuka halijafuliwa, wala sitalifua. Siku mbili! Nilipokuona unashuka garini na kile kipande cha mti kwapani, umekibeba kutoka Tanga kama mtu aliyebeba mtoto, nilisahau kukupa mkono. Nilikuwa nimeandaa maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza, na yote yakanikimbia.

Uliponiambia tarehe 31 Agosti utapeleka barua ya kuacha kazi, niliandika tarehe hiyo kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko. Zimebaki siku arobaini na nane.

Ile habari ya pilau isikukae moyoni. Bibi Mwanabaraka alinifundisha tangu utoto: pishi moja, yaani vibaba vinne, hulisha watu wanane na mmoja atakayepita njiani. Nikapika vibaba vinne kwa ammi yako Salumu na jamaa zake, nasi wawili, jumla wanane. Sahani ya sita ilipotoka, nikasikia upawa unakwaruza sufuria. Sitaisahau sauti ile. Mke wa ammi yako alitabasamu akasema, "Bibi harusi wa kisomo hupika kwa penseli." Na wengine wakacheka kwa adabu, ambayo ni mbaya kuliko kucheka bila adabu. Wewe ukasema umeshiba harufu. Ukanifuata jikoni, tukala ukoko tumesimama, ukanipa ule mkavu uliokuwa na ndani kipande cha nyama.

Nilikosea kipimo kwa ajili ya furaha, basi. Na uliniuliza juu ya Bi Chausiku. Ni maneno ya mjane tu, ana taabu zake.

Kiti sasa kinasimama sawa. Hakigongi sakafu kabisa. Sikujua kwamba nitaikosa ile sauti yake.

Mkeo,
Zaina


Ngamiani, Tanga
1 Agosti 1957

Zaina,

Boma wamenijibu. Nafasi ni yangu kuanzia mwezi wa tisa. Mshahara ni ule ule mdogo. Nimeupanga kwa bei zako mara tatu na kila mara umetosha, na umebaki na sukari ya vijiko viwili kwa watu wawili. Barua ya kuacha kazi nimekwisha iandika. Iko ndani ya kitabu cha stoo, inangoja tarehe.

Sasa nikueleze lile jambo la mwezi wa tano, kwa kuwa limepita na haliwezi kutudhuru tena.

Nilipewa nyumba. Makarani wawili walihamishwa kwa ghafla, na mkubwa wetu alipendezwa na vitabu vyangu, akalirusha jina langu juu ya wengine. Vyumba viwili, jiko la nje, bomba mlangoni, na mpapai mmoja. Nilipewa mpaka Ijumaa kujibu. Siku mbili sikulala, maana nilikuwa nikifikiri: nimlete Zaina huku, mbali na kwao, au ningoje turudi nyumbani? Alhamisi ikafika barua yako. Bei zimeshuka, na wewe hutaki hata jumba lenye bomba mlangoni. Nilishangaa ulivyolijua bomba. Nikaona ni jibu.

Nikasema apewe Ausi. Amekwisha mleta mkewe kutoka Pangani. Juzi walinialika chakula. Wana pazia la maua dirishani. Nimefurahi kwa ajili yao, kisha nikarudi chumbani. Tumebaki wawili. Aliyehama ndiye aliyekuwa akiimba.

Siku thelathini.

Mumeo,
Bwanausi


Dunda, Bagamoyo
9 Agosti 1957

Bwanausi,

Usipeleke ile barua ya kuacha kazi. Soma kwanza mpaka mwisho, na ukitaka kunichukia, nichukie, lakini usiipeleke.

Siku ile uliyoondoka baada ya Idd, nilifungua sanduku nikatoa kibaba cha Bibi. Nilikwenda kwa Jayant nikanunua vibaba vinne vya mchele vya bati, nikaketi jikoni nikavimimina katika kibaba cha Bibi kimoja kimoja. Havikujaza vinne. Vilijaza vitatu, na juu yake punje chache za kuokota sakafuni. Nikarudia. Vitatu.

Nimekwisha jua tangu siku hiyo. Barua ya tarehe 14 nilikuandikia mchele ule ukiwa bado uko kwenye ungo mbele yangu. Nikakuandikia kwamba nilikosea kwa ajili ya furaha.

Hesabu yake unaijua kabla sijasema. Vinne vya senti sitini ni shilingi mbili na senti arobaini, kwa mchele niliokuwa nikiupata kwa shilingi mbili na senti kumi. Haikushuka. Imepanda. Na sikuona, kwa sababu napikia mtu mmoja. Kwangu upungufu uliishia kwa kuku. Bi Chausiku anapikia wanane, yeye aliuona siku ya kwanza, akaniambia, nami nikamjibu watoto wanakua.

Nilimwendea. Nilisimama mlangoni kwake. Akasema, "Umepima?" Nikasema nimepima. Akasema, "Haya, kaa, unisaidie kuchambua mchicha." Afadhali angenisuta.

Jana nilikwenda kwa Jayant nikamuuliza. Akafunga kitabu chake. "Bi Zaina, mimi nilimwambia Bwana Mbaruku: wa jumla Dar es Salaam hajapunguza hata senti moja, mimi nipunguze nini? Akasema, ngoja. Wiki ya pili akaleta gari la vibaba."

Champaben akasema kutoka nyuma, "Mwambie na kile cha zamani."

Jayant akainama akakitoa chini ya meza. "Hiki hapa. Mwanzoni nilisema anayekitaka nitampimia kwa bei ya zamani. Hakuna aliyekitaka. Kila mtu anataka senti sitini."

Nikakichukua cha Bibi na cha bati, nikaenda nyumbani kwa Bwana Mbaruku.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwandishi wangu! Karibu."

Nikaviweka vyote viwili mbele yake.

"Mwanangu, nilisema bei itashuka. Imeshuka, haikushuka?"

"Imeshuka, baba."

"Ushuru wa soko nani ameufuta?"

"Ni wewe, baba."

"Mafuta ya taa je?"

"Yameshuka kweli. Chupa ni ileile."

"Basi unanidai nini?"

"Kwa nini kibaba ni kidogo, baba?"

Akakishika kibaba cha Bibi, akapitisha kidole pale mdomoni palipolika. Hakukasirika. "Kila duka lilikuwa na kipimo chake," akasema. "Wengine walikuwa wanaiba zaidi ya hivi. Nikataka kimoja kwa wote. Kikubwa wenye maduka hawakukikubali. Na watu walikuwa wananingoja, Zaina. Kila nikitoka nje wananitazama. Wewe ungefanya nini?"

Nami nilikuwa na mtu ninayemngoja, na nilifanya kama yeye.

Nikaomba nirudishiwe ile karatasi ya madole. Akasema iko boma tangu Mei.

Uliniomba niwe jicho lako, basi hukumu yangu ndiyo hii. Ushuru, ametimiza. Mihogo, ametimiza. Mafuta ya taa, ametimiza. Wali na ugali, ambavyo ndivyo watu wanavyolalia, hakutimiza, na amevifunika kwa bati linalong'aa. Mshahara wa boma hautatutosha. Nilikwambia utatosha kwa sababu nilitaka kiti chako kikaliwe.

Na lile bomba sikulijua. Nilitaja tu kitu kikubwa kilichonijia kichwani. Ningekuja, Bwanausi. Ningekuja Tanga kwa miguu na sanduku kichwani, nikakae na wewe chini ya huo mpapai.

Zaina


Ngamiani, Tanga
18 Agosti 1957

Zaina,

Nimepokea barua yako ya tarehe 9. Siku mbili sikuweza kujibu. Nilikuwa na hasira, na sikutaka ikufikie kwa posta.

Siku ya tatu nikakumbuka kwamba nami nilikuficha nyumba. Ningeuliza kwa mstari mmoja tu, "Zaina, utakuja?", ungejibu. Sikuuliza. Nilitaka niamue kama mwanamume, kisha nikuletee zawadi.

Barua ya kuacha kazi nimeichana. Boma nimewaandikia kwamba siji. Nilikwenda kwa mkubwa kuuliza habari za nyumba. Jina langu limewekwa chini upya, la thelathini na moja. Kwa mwaka hutoka nyumba mbili, pengine tatu.

Likizo yangu ni Januari. Siku kumi na nne.

Mkewe Ausi amenipa papai la kwanza. Nilikula nusu. Nusu nyingine niliiacha mezani mpaka ikaharibika, sijui kwa nini.

Nakuomba jambo moja. Bei usiache kuniandikia. Ila kuanzia sasa zipime kwa kibaba cha Bibi.

Mumeo,
Bwanausi


Dunda, Bagamoyo
31 Agosti 1957

Mume wangu,

Leo ndiyo ile tarehe. Asubuhi niliufuta mkaa nyuma ya mlango wa jiko kwa kitambaa cha maji. Umebaki kivuli.

Nimeandika karatasi ya pili. Bi Chausiku alikuwa wa kwanza kutia dole, na alilikandamiza mpaka karatasi ikataka kutoboka. Nilipita na vibaba viwili na ungo, nyumba kwa nyumba, nikamimina mchele mbele ya kila mmoja. Katika wale thelathini na sita, ishirini na wawili wametia dole tena. Wengine walikataa. Mmoja aliniambia, "Senti sitini ni senti sitini. Usituharibie, mwari, na kisomo chako." Leo nimeipeleka boma, wakaipokea, wakaiweka juu ya nyingine.

Kutoka huko nilipita posta kutafuta barua yako. Mbele ya ngazi nikakutana na Bwana Mbaruku, anatoka. Watu walikuwepo. Alipunguza mwendo, kama wazee wanavyopunguza wanapongoja kuamkiwa, akainua kidogo kichwa. Unajua tulivyolelewa, Bwanausi. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nikakumbuka wanawake wa Kiwangwa na vigelegele vyao, nikakumbuka chupa ya mafuta imejaa mpaka shingoni. Kisha nikasikia upawa unakwaruza sufuria.

Nikafunga mdomo nikapita.

Nilikuwa nimekwenda hatua tatu nne, nikamsikia nyuma yangu. Alisema taratibu, kwa sauti ya mtu mwenye adabu zake:

"Marahaba."

Hakuna aliyekuwa amemwamkia. Waliokuwa kwenye ngazi walitazama chini. Sikugeuka. Nilidhani nitafurahi.

Nilifika nyumbani na kikapu mkononi, nikainua mkono nipige hodi kama ilivyo kawaida yangu. Nikaushusha. Nimeingia kimya.

Sasa ni alasiri. Chai iko mbele yangu, vijiko viwili, nimeiweka upande wa kiti chako kwanza kisha nimeirudisha kwangu. Bei za leo, kwa kibaba cha Bibi, mfuto, bila kilele, juu nimekikata sawa kwa mkono wangu: mchele senti themanini, unga senti arobaini. Mafuta ya taa, chupa, senti thelathini na tano.

Ndivyo zilivyo.

Mkeo,
Zaina